Sura ya Saba: Seva Isemayo Rudi Baadaye

Mjini Kisangani, barua pepe ikichelewa, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao, na mara nyingi uchunguzi huishia hapo hapo. "Papa Prof, rezo ni mbaya leo," fundi husema, na profesa hukubali bila kubisha, kwa sababu ameishi mjini hapo miaka ya kutosha kujua kwamba rezo huwa mbaya kweli.

Sababu za kuulaumu mtandao si za kubuni. Kebo ya baharini ya WACS ilianza kuihudumia Kongo mwaka 2013 kupitia Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki, na kutoka Kinshasa hadi Kisangani kwa njia ya mto peke yake ni zaidi ya kilomita 1,700. Mwezi Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari katika Korongo la Kongo yalikata WACS pamoja na kebo nyingine ya SAT-3, na watu wakasubiri hadi Septemba meli ya Léon Thévenin ikamilishe ukarabati. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa karibu siku ishirini. Ongeza hapo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaotegemea maporomoko ya mto Tshopo, ambako kuna turbini tatu na kuna vipindi ambavyo jiji zima limebaki likingojea moja tu.

Hata hivyo, upo ucheleweshaji ambao kebo, setilaiti na turbini hazina hatia nao. Kule inakokwenda barua kuna seva iliyo hai, inayosikia vizuri, na iliyoamua kwa makusudi kuikataa kwanza. Haisemi kwamba anwani ni mbaya, wala kwamba mtumaji ni tapeli. Inasema tu: jaribu tena baadaye. Utaratibu huo mafundi wanauita orodha ya kijivu, kwa kuwa mtumaji hayuko kwenye orodha nyeupe ya wanaoaminika wala kwenye orodha nyeusi ya waliopigwa marufuku. Asiyeujua anaweza kuhangaika wiki nzima akibadilisha modemu na kumpigia simu mtoa huduma, wakati jibu limeandikwa wazi kwenye logi ya seva yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kazi ambayo Kisangani inaifanya kila siku. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kikiitwa Université libre du Congo, kikamezwa na chuo kikuu kimoja cha taifa mwaka 1971, kisha kikarudi kusimama peke yake mwaka 1981. Kilomita kama mia moja kuelekea magharibi iko Yangambi, yenye hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa na mnara wa CongoFlux wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Watafiti wa eneo hili wana wenzao Ubelgiji, Kinshasa, Nairobi na Bogor, na wanachotumiana zaidi ni barua pepe: rasimu za makala, majedwali ya vipimo, maombi ya ufadhili yenye saa ya mwisho.

Tuseme basi mtafiti mmoja, siku ya Januari, ametuma barua kwenda Ubelgiji, na mwenzake analalamika kwamba imechelewa. Hatua ya kwanza haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mpokeaji aifungue barua hiyo, aombe programu yake imwonyeshe maelezo kamili ya safari, na asome mistari inayoanza na neno "Received" kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva iliyoipokea barua hupiga mhuri wake juu ya ule uliotangulia. Mhuri wa chini unasema 08:02:11 +0200. Wa kati, wa seva ya kutuma ya upande wa mtafiti, unasema 08:02:19 +0200. Wa juu, wa seva ya Ubelgiji, unasema 07:47:05 +0100.

Kwa haraka mtu angedhani barua imefika kabla haijatumwa. Tofauti iko kwenye tarakimu za mwisho. Kisangani iko saa mbili mbele ya saa ya dunia, Ubelgiji wakati wa baridi iko saa moja mbele. Mhuri wa juu ukigeuzwa kuwa saa ya Kisangani unakuwa 08:47:05. Kutoka mhuri wa chini hadi wa kati zilipita sekunde nane, na kutoka seva ya kutuma hadi Ubelgiji zikapita karibu dakika 45.

Je, setilaiti inaweza kula dakika 45? Hesabu inakataa. Setilaiti ya mawasiliano iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini, na ishara kwenda na kurudi na jibu huchukua zaidi kidogo ya nusu sekunde. Seva mbili zinapokabidhiana barua husalimiana, hufunga mazungumzo yao kwa siri, hutajiana mtumaji na mpokeaji, kisha hupitisha maandishi yenyewe. Ni mizunguko kumi hivi, yaani sekunde tano au sita. Kiambatisho kizito kitaongeza dakika kadhaa ikiwa njia ni nyembamba. Lakini barua ya aya tatu iliyokwama robo tatu ya saa haikukwama angani.

Ilikwama kwenye orodha ya kijivu. Aliyebuni mbinu hiyo ni Evan Harris, na maelezo yake aliyatoa katikati ya mwaka 2003. Wakati ule sanduku la barua pepe lilikuwa limegeuka jalala. Agosti ya mwaka huo huo kirusi cha Sobig.F kilienea duniani kwa kutumia kompyuta za watu wasiojua chochote. Harris aliona kwamba mashine zilizotekwa zilikuwa na haraka mno. Zilikuwa na orodha ya mamilioni ya anwani, zikigonga mlango mmoja mara moja na kukimbilia mwingine. Seva halali haifanyi hivyo, kwa sababu imeagizwa kurudi.

Kila aliyewahi kufuata mhuri katika ofisi ya komuni ya Makiso, mjini Kisangani, atalielewa wazo hilo. Karani anayesema "rudi baada ya saa moja" hajamkataa mtu. Mwenye shida ya kweli atakaa kivulini nje, atarudi na karatasi zake, na atahudumiwa. Tapeli aliyekuja kubahatisha, mwenye ofisi nyingine ishirini za kujaribu siku hiyo, harudi.

Agizo la kurudi lilikuwepo tangu mwanzo. Itifaki ya SMTP inayosafirisha barua pepe, ambayo Jon Postel aliiandika katika waraka RFC 821 wa Agosti 1982, huipa kila jibu la seva namba yenye tarakimu tatu. Inayoanza na 2 maana yake barua imepokelewa. Inayoanza na 5 maana yake imekataliwa moja kwa moja, irudishwe kwa mwenyewe. Inayoanza na 4 maana yake kuna kikwazo cha muda, weka barua kwenye foleni ujaribu tena. Waraka wa sasa, RFC 5321 uliotoka Oktoba 2008, unashauri mtumaji asubiri angalau dakika 30 kabla ya kurudia, na asikate tamaa kabla ya siku nne au tano. Siku tano ni nyingi, lakini mwaka 2019 hazikutosha: barua zilizokuwa zikielekezwa kwenye seva zilizoko ndani ya Kongo, intaneti ilipozimwa kwa karibu siku ishirini, ziliishiwa muda foleni na kurudi kwa waliozituma.

Kusubiri si kasoro ya barua pepe. Ni tabia yake ya kuzaliwa, na Afrika Mashariki imenufaika nayo kuliko wengi. Mapema katika miaka ya 1990, kabla ya intaneti ya kudumu, shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown liliwaunganisha madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na nchi jirani kwa setilaiti ndogo zinazozunguka chini. HealthSat-2 ilirushwa Septemba 1993. Ilipita juu ya kituo mara chache kwa siku, ikabeba barua zilizokuwa zikingoja na kuacha nyingine. Daktari aliyepata jibu kesho yake alishukuru. Aliyesumbuliwa na dakika 45 mwaka huu hadekezwi na maisha ya kisasa, maana fomu ya ufadhili imemtumia namba ya siri inayokufa baada ya dakika kumi, na namba hiyo imekaa foleni.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Seva yenye orodha ya kijivu huangalia mambo matatu kwa pamoja: anwani ya IP ya seva inayogonga, anwani ya mtumaji kama ilivyotajwa kwenye mazungumzo ya seva, na anwani ya mpokeaji. Utatu huo ukiwa mgeni, seva hujibu kwa namba ya 4 na kuandika saa. Utatu ule ule ukirudi baada ya muda uliowekwa, barua hupita, na utatu unahifadhiwa ili barua zinazofuata zisisimamishwe. Harris alipendekeza muda wa kuzuia uwe saa moja, kumbukumbu ya utatu ambao haujarudi ifutwe baada ya saa nne, na utatu uliokwisha kupita ukumbukwe siku 36, ili hata jarida la mara moja kwa mwezi lisichukuliwe kama mgeni kila linapokuja. Programu ya Postgrey, iliyoandikwa na David Schweikert na kutumika sana na seva za Postfix, ilikuja na vipimo vya upole zaidi: kizuizi cha sekunde 300, siku mbili za kusubiri mtumaji arudi, na kumbukumbu ya siku 35.

Hapo ndipo ubishi huzuka. Msimamizi wa Ubelgiji anaapa kwamba seva yake inazuia dakika tano tu. Mtafiti wa Kisangani ana ushahidi wa dakika 45. Wote wawili wanasema kweli.

Anayezuia huamua muda mfupi kabisa ambao barua itasubiri. Muda halisi huamuliwa na foleni ya mtumaji. Programu ya kutuma barua ya Exim, kwa mpangilio wake wa kawaida, hungoja dakika 15 kabla ya kuruhusu jaribio jingine. Lakini foleni yenyewe haitazamwi kila dakika. Kwenye mfumo wa Debian, Exim huamka kuipitia kila baada ya dakika 30. Turudi kwenye barua yetu, iliyotumwa na seva ya namna hiyo. Ilikataliwa saa 08:02:19, kwa hiyo ruhusa ya kurudi inaanza saa 08:17:19. Foleni ya seva hiyo hupitiwa dakika ya 17 na dakika ya 47 ya kila saa. Saa 08:17:00 mpitiaji alifika, akakuta muda haujatimia kwa sekunde 19, akaiacha. Alirudi saa 08:47, na sekunde chache baadaye barua ikawa Ubelgiji. Kizuizi cha dakika tano kilizaa ucheleweshaji wa dakika 45, bila mtandao kukatika hata mara moja.

Postfix, ambayo Wietse Venema aliitoa mwaka 1998, ina subira fupi zaidi: hupitia foleni kila sekunde 300, na jaribio la pili huja baada ya dakika tano hadi kumi hivi. Ikishindwa tena huongeza muda mara mbili, hadi kikomo cha sekunde 4,000, ambazo ni zaidi ya saa nzima. Hivyo barua mbili zilizogonga seva ile ile ya Ubelgiji, moja kutoka Postfix na nyingine kutoka Exim, zinaweza kupishana nusu saa.

Mbinu ya Harris ilidhani kwamba seva halali ni mashine inayokaa imewashwa, mahali pamoja, kwa anwani moja. Dhana hiyo ilikuwa sawa Zurich na ilikuwa sawa Marekani. Kisangani haiwi sawa kila siku, na jambo hili lingestahili kuwasumbua wasimamizi wa Ulaya kuliko linavyowasumbua.

Chukua seva ya mpokeaji iliyofuata vipimo vya awali vya Harris, saa moja ya kuzuia na saa nne za kukumbuka. Barua kutoka Kisangani inagonga saa nne asubuhi na kujibiwa 451. Saa nne na dakika ishirini umeme unakatika. Betri inashikilia seva dakika chache kisha inazimika, maana mafuta ya jenereta yamewekwa akiba kwa ajili ya maabara. Umeme unarudi saa kumi na moja jioni. Seva inaamka, inapitia foleni, inagonga tena Ubelgiji. Lakini zimepita saa saba, na kumbukumbu ya asubuhi ilifutwa baada ya nne. Utatu ni mgeni upya. Jibu ni 451, na saa moja inaanza kuhesabiwa tangu mwanzo. Umeme ukidumu, barua itapita baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati ofisi ya Ubelgiji inafungwa. Usipodumu, mzunguko unarudiwa kesho. Seva hii ya Kisangani imetimiza kila lililoagizwa na itifaki, na imetendewa kama mashine ya matapeli.

Tatizo la pili ni anwani. Ofisi nyingi zina njia mbili za intaneti, setilaiti na mtandao wa simu, na kifaa kinachohama kutoka moja kwenda nyingine kila moja inapolala. Barua iliyogonga mara ya kwanza kupitia setilaiti inarudi mara ya pili kupitia kampuni ya simu. Mtumaji ni yule yule na mpokeaji ni yule yule, lakini anwani ya IP imebadilika, na theluthi moja ya utatu ikibadilika utatu mzima ni mpya. Postgrey hujaribu kusamehe kwa kutazama kundi la anwani 256 zilizo jirani badala ya anwani moja. Msamaha huo hauifikii anwani ya kampuni nyingine.

Kumbuka pia zile siku 35 au 36. Zinamtosha anayeandika kila mwezi. Mradi unaotuma ripoti kila robo mwaka husahaulika kabla ya ripoti inayofuata, na kila mara huanza kama mgeni, tena siku ya mwisho ya kuwasilisha, siku ambayo dakika zina thamani.

Fundi atahakikishaje kwamba mkosaji ni orodha ya kijivu na si kitu kingine? Aanzie kwenye logi ya seva inayotuma. Postfix huandika kila jaribio kwa mstari mmoja, na ndani yake hutafutwa "status=deferred" pamoja na namba ya jibu. Seva yenye Postgrey hujibu 450 4.2.0 na kuweka neno "Greylisted" waziwazi. Nyingine hujibu 451 4.7.1 na kuomba tu mtu ajaribu baadaye. Mstari huo huo una sehemu iitwayo "delays", yenye tarakimu nne zilizotengwa kwa mikwaju. Ya kwanza ni muda ambao barua ilikaa tangu kuwasili hadi iliposogezwa mara ya mwisho kwenda kutumwa, ya pili ni kusubiri zamu, ya tatu ni kuunganisha, ya nne ni kupitisha barua yenyewe. Barua inapopita hatimaye, ile ya kwanza ikiwa mamia au maelfu ya sekunde na nyingine tatu zikiwa ndogo, barua ilikuwa imekataliwa huko nyuma na kuwekwa foleni. Ya tatu au ya nne ikiwa kubwa, hapo rezo ni mbaya kweli, na fundi alisema ukweli.

Upande wa mpokeaji kuna ushahidi mwingine ambao watu wengi hupita juu yake. Postgrey ikiisha kuichelewesha barua kisha kuiruhusu, huiongezea mstari unaoanza na "X-Greylist" na kutaja idadi ya sekunde ilizoichelewesha. Mstari huo ukionekana, ubishi umekwisha.

Mwenendo nao unasema. Barua ya kwanza kwa mtu mpya inachelewa, ya pili saa moja baadaye inafika papo hapo. Kuchelewa kunawahusu watu wa kikoa kimoja, wengine wanapata mara moja. Mtandao mbovu hauchagui namna hiyo. Si kila jibu la namba 4 ni orodha ya kijivu pia: 452 mara nyingi ni sanduku lililojaa, na 421 huweza kuwa seva kubwa inayolalamika kwamba inatumiwa barua nyingi kwa haraka. Jibu linaloanza na 5 ni mambo mengine kabisa, hakuna wa kungojwa hapo. Na logi ikisema kwamba kikoa hakikupatikana, tatizo liko kwenye seva za majina. Kongo inalijua hili kwa ukali. Mwishoni mwa Desemba 2020 mtaalamu wa usalama Fredrik Almroth aligundua kwamba jina scpt-network.com, lililokuwa likitumiwa na mojawapo ya seva za majina za .cd, limeachwa bila mwenyewe. Alilinunua kabla wahalifu hawajaliona, maana kulimiliki kungewapa nafasi ya kugeuza njia ya takriban nusu ya maulizo ya kikoa kizima cha taifa, barua pepe zikiwemo.

Kosa linalofanywa zaidi barua inapokwama ni kuituma tena. Linaeleweka, lakini lina madhara yasiyotarajiwa. Mtafiti ametuma jedwali saa mbili asubuhi, ameona kimya, amesahihisha safu moja na kutuma tena saa mbili na nusu. Barua ya pili ina utatu ule ule, na muda wa kizuizi umekwisha pita, hivyo inaingia mara moja. Ya kwanza bado imelala foleni na inafika dakika 17 baadaye. Mpokeaji anaona majedwali mawili, anachukua lililofika mwisho akiamini ndilo lililosahihishwa, na makosa yanaingia kwenye makala. Kwa kazi ya vipimo hili ni baya kuliko kuchelewa. Toleo liandikwe kwenye jina la faili, na kabla ya kutuma tena mtu aulize logi.

Dawa iko pande zote mbili, na kubwa iko kwa anayepokea. Kumzuia kila mgeni kulikuwa na maana mwaka 2003. Tangu hapo matapeli wamejifunza kurudi, na wengine hutuma kupitia seva halali walizoziteka, ambazo hurudia kwa utii kabisa. Wakati huo huo watumaji wakubwa kama Gmail wana anwani nyingi za kutuma, na jaribio la pili linaweza kutoka kwenye mashine nyingine kabisa, ndiyo maana Postgrey huja na orodha ya wanaopaswa kuachwa wapite. Waraka RFC 6647 wa Juni 2012, ulioandikwa na Murray Kucherawy na Dave Crocker, umeitambua mbinu hii na kueleza pia gharama zake. Programu mpya zaidi ya rspamd huichunguza barua kwanza, na huichelewesha ikiwa tu alama zake za mashaka zimepita kiwango fulani. Huo ndio utaratibu unaofaa: barua ambayo mtumaji wake amethibitishwa kwa rekodi za SPF na DKIM, isiyo na dalili ya utapeli, haina sababu ya kukaa nje. Ambaye bado anatumia Postgrey anaweza kuvitaja vikoa vya washirika wake kwenye orodha ya kuachwa, na anwani inayopokea namba za siri iondolewe kwenye kizuizi kabisa. Na dirisha la saa nne lipanuliwe kuwa siku mbili. Hifadhidata haitaumia kwa hilo, na miji yenye mgawo wa umeme itapumua.

Anayetuma kutoka Kisangani naye ana la kufanya. Foleni isikae kwenye mashine inayozimika. Seva ya ofisini ikabidhi barua zake kwa seva nyingine iliyokodishwa mahali penye umeme wa uhakika, yenye anwani moja isiyobadilika, na kazi ya kurudi na kurudi ibaki huko. Umeme ukikatika Makiso, barua iliyokwisha kabidhiwa inaendelea kugonga mlango. Anwani hiyo iwe na jina lake linalolingana pande zote kwenye seva za majina, na rekodi za SPF na DKIM ziwekwe, kwa sababu tangu Februari 2024 hata Google inadai angalau mojawapo, na kwa watumaji wa wingi inadai zote mbili pamoja na DMARC. Anayetumia Exim anaweza kupunguza muda wa kupitia foleni kutoka dakika 30 hadi tano. Asiende chini ya hapo kwa pupa: seva inayogonga kila sekunde chache hufanana na mashine zile zile ambazo orodha ya kijivu iliundwa kuzizuia.

Kisha iandikwe barua kwa msimamizi wa upande wa pili, na isiwe ya kusema tu kwamba barua zetu zinachelewa. Itaje tarehe na saa ya kila jaribio pamoja na tofauti ya majira, anwani ya IP iliyogonga, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, namba ya jibu kama ilivyo kwenye logi, na kitambulisho cha barua kwenye foleni. Ieleze kwa sentensi moja kwamba seva hukatikiwa umeme kwa saa kadhaa, na iombe mambo mawili: kikoa kiwekwe kwenye orodha ya kuachwa, na muda wa kumkumbuka anayerudi uzidi saa nne. Msimamizi mwenye logi yake mbele atauona mstari huo huo kutoka upande wake, na kulirekebisha faili la Postgrey ni kuongeza mstari mmoja na kuiagiza programu ilisome upya. Anwani ya kumwandikia inajulikana hata kama jina lake halijulikani, kwa sababu kila kikoa kinachopokea barua kinatakiwa kuwa na sanduku liitwalo postmaster. Barua hiyo itumwe mapema asubuhi, maana nayo, ikiwa ya kwanza kwenda huko, itaambiwa irudi baadaye.